Naji al-Ali, mchoraji aliyebaki mtoto wa kambi

Leo tunawasimulia maisha ya Naji al-Ali, mchora katuni Mpalestina aliyeuawa mwaka 1987. Michoro yake ilikuwa na maneno machache, au haikuwa na neno hata moja, hivyo hata mtu asiyejua kusoma aliielewa. Alipata sifa kubwa katika nchi za Waarabu, lakini hakuwahi kuisahau kambi iliyomlea.

Alizaliwa karibu mwaka 1938 katika kijiji cha al-Shajara huko Galilaya, kati ya Nazareti na Tiberia, miji tunayoisoma katika Injili. Vita vya mwaka 1948 vilimkuta akiwa na miaka kumi hivi. Watu wa kijiji walitawanyika, na jamaa yake ikakimbilia kusini mwa Lebanoni, katika kambi ya Ain al-Hilweh karibu na Sidoni.

Huko alifanya kazi za kibarua na kujifunza ufundi wa magari. Askari wa Lebanoni walipomfunga kwa ajili ya siasa, alichora kwenye kuta za gereza. Alipotoka, alichora kwenye kuta za kambi. Mwandishi Ghassan Kanafani alifika kambini, akaiona kazi yake, na mwaka 1961 akaichapisha katika gazeti.

Mwaka 1963 Naji alikwenda Kuwait kufanya kazi ya magazeti. Ni huko, mwaka 1969, alipomleta Handala kwa wasomaji. Handala ni mtoto wa miaka kumi, miguu mitupu, nguo zenye viraka, nywele zimesimama kama miiba ya nungunungu. Jina lake linatokana na mmea mchungu wa jangwani, wenye mizizi mirefu, unaochipua tena hata ukikatwa. Tangu mwaka 1973 Handala aligeuka, akatupa mgongo, mikono ameifunga nyuma. Naji alieleza kwamba mtoto huyo hatakua mpaka arudi nyumbani. Kwa hiyo kila anayetazama mchoro anasimama nyuma ya mtoto na kuona kile anachokiona yeye. Katika makanisa yetu wapo wengi waliolala chini ya hema. Hao hawahitaji kuelezwa Handala ni nani.

Ingawa Naji alikuwa Mwislamu, alimchora pia Kristo msalabani, Mgalilaya mwenzake, kuwa picha ya mateso ya watu wake.

Mwaka 1974 alirudi Lebanoni na kuchorea gazeti la al-Safir. Alikuwa huko jeshi la Israeli lilipoingia mwaka 1982. Lakini kalamu yake haikumpiga adui peke yake. Aliwachora wafalme na marais wa Kiarabu walionona huku maskini wakifa, na hakuwaacha viongozi wa Wapalestina wenyewe. Kumlaumu adui ni rahisi, watu wako watakupigia makofi. Kuwaambia wakubwa wa kwenu ukweli ndiko kunakokuletea hatari. Naji alipokea vitisho vingi. Mwaka 1985 alifukuzwa Kuwait, alikokuwa amerudi miaka miwili kabla, akahamia London na kuendelea kuchora.

Tarehe 22 Julai 1987, nje ya ofisi ya gazeti lake, al-Qabas, mtu alimpiga risasi kichwani. Alilala bila fahamu wiki tano, akafariki tarehe 29 Agosti. Alitamani kuzikwa Ain al-Hilweh karibu na baba yake, lakini kaburi lake liko Uingereza. Wengi wameshukiwa, Waisraeli na Wapalestina pia, lakini hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Mwaka 1988 wachapishaji wa magazeti duniani walimpa tuzo ya Kalamu ya Dhahabu ya Uhuru, naye akiwa kaburini. Aliacha maelfu ya michoro. Handala anaendelea kuchorwa ukutani na watoto ambao hawakuzaliwa Naji alipokufa. Bado ana miaka kumi, bado anatupa mgongo, na bado anangoja kurudi nyumbani.