Mekatilili na Kaya Iliyolipuliwa

Wanafunzi wetu hapa Njoro hulijua jina la Mekatilili wa Menza miongoni mwa mashujaa waliompinga Mwingereza. Naamini, hata hivyo, kwamba walimu tunawafundisha nusu tu ya habari zake: tunawapa ushujaa, tunawanyima kaya.

Mwanamke huyu wa Kigiriama, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mamake Katilili, hakuwa na bunduki wala cheo. Mwaka 1913, serikali ilipodai kodi pamoja na vijana wa kufanya kazi mashambani mwa walowezi, alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, mpaka umati ukakusanyika Kaya Fungo. Humo, katika msitu wa mababu, wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hawatamtumikia mgeni. Kiapo hicho kilipata nguvu kutokana na mahali kilipoliwa.

Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Januari 1914 walitoroka, wakarejea kwao, safari ya mamia ya kilomita ambayo haina budi kulivuka Bonde hili la Ufa. Serikali ikatambua kwamba kuwafunga watu hakutoshi. Agosti 1914 ikailipua Kaya Fungo kwa baruti, na Mekatilili akakamatwa tena. Waliporudi mwaka 1919, yeye na Wanje walikwenda kukaa katika kaya ile ile. Alifariki mwaka 1924.

Jambo hili si la Wagiriama peke yao. Wajapani wafuatao Shinto nao huyazungushia mahekalu yao misitu ya kuheshimiwa. Hekalu la Meiji mjini Tokyo, lililozinduliwa mwaka 1920, lilipandiwa miti ipatayo 100,000 iliyotolewa na wananchi. Kaya za Wamijikenda nazo ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008.

Sisi tunaokunywa maji ya mto Njoro tunao msitu wa Mau, unaolindwa na sheria. Hata hivyo, mwaka 2001 maelfu ya hekta za Mau Mashariki yalitolewa msituni kwa kalamu tu. Baruti haikuweza kuifuta kaya, kwa kuwa heshima yake ilikuwa mioyoni mwa watu. Mwalimu atakayemfundisha Mekatilili bila kaya atakuwa ameliacha nje somo ambalo watoto wa Njoro wanalihitaji zaidi.