Henri Mignet: Mwandishi Aliyewapa Wasomaji Wake Mabawa

Kitabu huweza kumliza msomaji, kumchekesha au kumkinaisha. Ni nadra kitabu kumpa msomaji mabawa ya kurukia, na ni nadra zaidi mabawa hayo kumwangamiza yule aliyeyaamini. Henri Mignet, Mfaransa aliyefariki mwaka 1965, aliandika kitabu cha aina hiyo. Jina lake linajulikana na wengi duniani ambao wamewahi kujenga ndege kwa mikono yao nyumbani kwao, na hadi leo jina hilo hutajwa kwa mapenzi na kwa majonzi kwa pamoja.

Mignet alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1893 katika mji wa Saintes, magharibi mwa Ufaransa. Alikuwa na umri wa miaka kumi ndugu wawili Wright waliporuka kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1903, na alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano wakati Louis Blériot alipouvuka mlangobahari kati ya Ufaransa na Uingereza mwezi Julai 1909. Kizazi chake kilikua kikitazama juu. Mignet aliandikiana barua na Gustav Lilienthal, nduguye Otto Lilienthal, yule Mjerumani aliyefariki mwaka 1896 baada ya kuanguka na kitiara chake. Kufikia mwaka 1912 alikuwa ameunda chombo chake cha kwanza, akakipa herufi za kwanza za majina yake na nambari: HM.1. Utaratibu huo wa kuzipa ndege zake nambari aliufuata maisha yake yote, kana kwamba kila ndege ilikuwa sura mpya ya hadithi ile ile.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alitumikia jeshi katika kazi za simu za upepo. Vita vilipokwisha alirejea kwenye mbao na gundi yake. Majaribio yake mengi ya miaka ya 1920 hayakufua dafu. Hata hivyo, mnamo mwaka 1928 aliunda ndege ndogo iliyofuata umbo la kawaida, HM.8, akaieleza kwa maandishi ili wenzake wasiokuwa na mali nao waijenge. Inakadiriwa kwamba ndege zipatazo 200 za aina hiyo zilijengwa. Waama, hapo ndipo alipozaliwa Mignet mwandishi, mtu aliyeamini kwamba usafiri wa angani haukustahili kuwa milki ya wanajeshi, matajiri na wenye vyeti.

Lakini HM.8 haikumridhisha. Rubani wa ndege ya kawaida hulazimika kufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: kuinua na kuinamisha pua ya ndege, kuilaza upande kwa vibawa vilivyo kwenye ncha za mabawa, na kuigeuza kwa usukani wa mkiani unaoendeshwa kwa miguu. Mignet aliona ugumu kuyapatanisha hayo yote. Mtu mwingine angejilaumu na kurudi shule. Yeye alishikilia kwamba kosa lilikuwa la ndege wala si la binadamu, na kwamba ikiwa mtu wa kawaida anashindwa kukiongoza chombo, basi chombo ndicho kinachopaswa kubadilishwa. Ukaidi huo ndio uliomjengea sifa, na ndio pia uliokaribia kumvunjia heshima.

Tarehe 10 Septemba 1933, katika uwanda ulio karibu na mji wa Soissons, HM.14 iliruka. Ilikuwa na bawa moja mbele na jingine nyuma yake, karibu sana, kiasi cha kuonekana kama ndege iliyosahauliwa mkia. Mabawa yalikuwa na upana wa takriban mita 6, na urefu wa chombo ulikuwa mita 3.5 tu. Kiwiliwili kilikuwa sanduku la plaiwudi. Injini ilikuwa ya pikipiki, yenye nguvu za farasi 17. Vibawa vya nchani havikuwapo, wala pedali za miguu. Rubani alishika fimbo moja tu: akiivuta au kuisukuma, bawa la mbele liliinuka au kuinama, akiipeleka kando, usukani mkubwa wa nyuma uliigeuza ndege. Mignet aliiita Pou-du-Ciel, yaani Chawa wa Angani, jina lililokumbusha utani wa Wafaransa waliokuwa wakiyaita magari madogo ya Ford chawa wa barabarani. Waingereza walipolitafsiri jina hilo, chawa aligeuka kiroboto.

Mwaka 1934 alichapisha kitabu chake, Le Sport de l'Air. Ndani yake alimweleza msomaji kila kitu: mbao za kununua, namna ya kuzipima na kuzigandisha, kitambaa cha kuvika mabawa, injini ya kutafuta, na hatimaye namna ya kujifundisha kuruka peke yake, kwanza kwa kukimbia uwanjani, kisha kwa miruko mifupi. Michoro aliichora mwenyewe. Lugha yake haikuwa ya mhandisi anayewahutubia wahandisi. Ilikuwa ya jirani aliyeegemea ua, anayekushawishi kwamba anayeweza kupigilia kasha la mbao misumari anaweza kujenga ndege. Mabingwa wa viwanda na maofisa aliwakejeli waziwazi.

Ushawishi huo ulifaulu kupita kiasi. Mwezi Agosti 1935 Mignet mwenyewe aliuvuka mlangobahari kwa ndege yake akatua Uingereza, na kitabu kikapata tafsiri ya Kiingereza mwaka huo huo. Mamia ya watu, makarani, mafundi na wanafunzi, waligeuza vyumba, mabanda na gereji kuwa viwanda. Wengine walijenga ndege ambayo haikuweza kupita mlangoni. Wengine walitia injini nzito kuliko ile iliyopendekezwa, au wakabadilisha vipimo kwa kubahatisha. Almuradi kila mmoja aliamini kwamba mbingu sasa ilikuwa na mlango wa watu wa kawaida.

Kisha vifo vikaanza. Kufikia mwaka 1936 marubani kadhaa wa Uingereza na Ufaransa walikuwa wameuawa katika ajali zilizofanana ajabu. Ndege iliinamisha pua, ikazidi kuinama, isiinuke tena hadi ilipoigonga ardhi. Makosa ya wajenzi hayakutosha kueleza mfanano huo. Watafiti waliiweka ndege yenyewe katika mahandaki makubwa ya kupimia upepo, huko Farnborough nchini Uingereza na Chalais-Meudon nchini Ufaransa, nao wakaligundua jambo ambalo mwandishi hakulijua.

Kosa lilikuwa katika ukaribu wa yale mabawa mawili. Katika mwendo wa kawaida, upepo uliopita katika uwazi uliokuwa baina yao uliisaidia ndege. Lakini ndege ilipoinama kupita kiwango fulani, mambo yaligeuka. Rubani alivuta fimbo ili ainue pua, kama kitabu kilivyomfundisha. Kwa kufanya hivyo aliliinua bawa la mbele, uwazi ukawa mwembamba, upepo ukalipita bawa la nyuma kwa kasi zaidi, na bawa hilo likapata nguvu ya kuinua sehemu ya nyuma ya ndege. Pua ikazidi kushuka. Kadiri alivyovuta fimbo ndivyo alivyojididimiza. Utiifu wake kwa mwalimu ndio uliomwua.

Serikali za Ufaransa na Uingereza zilichukua hatua za kuizuia ndege hiyo. Mignet aliyarekebisha maumbile ya Chawa wake, na kufikia mwaka 1939 palikuwa na ndege nyingi zilizosahihishwa, zikiruka bila madhara yale. Lakini sifa mbaya haifutiki kwa urahisi kama kosa la mchoro. Waliomshangilia mwaka 1935 walikuwa wamekwisha kumpa kisogo.

Hata hivyo, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alichora ndege nyingine, HM.290 na zilizofuata, akaipeleka kazi yake katika nchi za mbali, zikiwemo Argentina, Japani na Moroko. Mtindo wa mabawa mawili yaliyoandamana hakuuacha. Aliusahihisha hadi ukawa salama, na warithi wa ndege zake wangali wakijengwa. Utajiri hakuupata. Alifariki tarehe 31 Agosti 1965 huko Pessac, karibu na Bordeaux.

Chama cha Wafaransa wanaojijengea ndege kilichukua jina lake kutoka katika kitabu chake. Leo, katika nchi nyingi, mtu anaweza kununua ndege iliyo vipandevipande ndani ya masanduku na kuiunganisha nyumbani. Nchini Marekani sheria humtaka afanye mwenyewe zaidi ya nusu ya kazi ili ndege hiyo ihesabiwe kuwa ya mjenzi wa nyumbani. Hukaguliwa, hupimwa na kujaribiwa kabla ya kumbeba abiria. Taratibu hizo ziliandikwa kutokana na mafunzo ya ajali za watu wengi, na miongoni mwao wamo wasomaji wa Mignet.

Je, alikuwa mkombozi au mpotoshaji? Maisha yake hayakubali jibu la neno moja. Aliwaamini watu wa kawaida wakati ambapo wataalamu waliwadharau, na katika hilo historia imemwunga mkono. Lakini aliliamini pia neno lake kabla hajalipima hadi mwisho, na waliolipa deni hilo si yeye. Anayeandika ili afuatwe hubeba dhamana ya mahali wasomaji wake watakapofika, hata pale ambapo yeye mwenyewe hajawahi kufika.