Eddington na Nuru Iliyopinda

Twamkumbuka Arthur Eddington, Mwingereza wa madhehebu ya Marafiki, aliyezaliwa mwaka 1882. Kwa ajili ya dhamiri alikataa kushika silaha katika Vita Kuu, naye akaipima elimu ya Einstein, aliyekuwa Berlin, mji mkuu wa adui. Einstein alifundisha kwamba nuru, ijapokuwa haina tungamo, hupinda karibu na jua. Kwani jua hupinda anga lenyewe, na nuru haina budi kuifuata njia hiyo.

Tarehe 29 Mei 1919, jua lilipopatwa, Eddington alipiga picha kisiwani Príncipe, mawingu yakimsumbua. Nyota zilionekana zimesogea, karibu kama ilivyotabiriwa. Alifariki mwaka 1944. Nasi twajifunza kwake: ukweli hauna taifa.