Al-Jazari: Fundi Aliyeandika Kazi ya Mikono Yake

Utangulizi

Katika nyumba nyingi za mji wa Isiolo, mgeni haanzi kula kabla ya kunawishwa. Kijana wa nyumba huja na birika na beseni, taulo limening'inia begani, akammiminia mgeni maji mikononi polepole, akampa sabuni, akammiminia tena, kisha akamkabidhi taulo ajifute. Kazi hiyo ina mpangilio wake, na mpangilio huo haupinduliwi: taulo halitangulii maji, wala sabuni haifuati taulo. Zaidi ya miaka 800 iliyopita, fundi mmoja aliagizwa kuutia mpangilio huo huo katika shaba na mbao, ili maji yamiminike na taulo litolewe pasipo mtu wa kushika birika. Fundi huyo ni Badi al-Zaman Abu al-Izz Ismail ibn al-Razzaz al-Jazari.

Makala haya yanadhamiria kusimulia maisha na kazi ya al-Jazari, na kuonyesha kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kumjua. Huenda msomaji akashangaa kwamba jarida la lugha linamzungumzia fundi wa mashine. Jibu ni kwamba al-Jazari hakukumbukwa kwa sababu ya mashine zake, kwa maana mashine zenyewe hazikubaki. Alikumbukwa kwa sababu aliziandika.

Jambo hili linatuhusu sana katika zama hizi. Mwanafunzi wa Isiolo akibahatika kupata kisanduku cha vipande vya kuundia mkono wa roboti, atakuta ndani yake bega, kiwiko, kifundo na vidole viwili vya kubania, na katika kila kiungo mota ndogo. Ataunganisha mota hizo na kompyuta kwa waya, kisha ataandika programu, yaani orodha ya amri zinazofuatana: bega ligeuke kiasi hiki, kiwiko kikunjuke, vidole vifumbate, mkono uinuke. Viungo vyote hivyo vina majina ya Kiswahili tangu jadi. Hata hivyo, aghalabu kijitabu cha maelezo kilichomo kisandukuni hakina hata sentensi moja ya Kiswahili. Tutarejea katika suala hili baada ya kumfuata al-Jazari hadi katika karakana yake.

Maisha katika kasri

Karibu yote yanayojulikana kuhusu maisha ya al-Jazari yanatokana na utangulizi wa kitabu chake mwenyewe. Nisba yake inaashiria kwamba asili yake ni al-Jazira, nchi iliyo baina ya mito Tigris na Euphrates katika sehemu zake za juu. Aliwatumikia watawala wa ukoo wa Artuki, waliotawala eneo ambalo leo limo kusini mashariki mwa Uturuki. Mwaka 1183, Salahuddin al-Ayyubi aliuteka mji wa Amid, unaoitwa Diyarbakir siku hizi, akaukabidhi kwa Nur al-Din Muhammad wa ukoo huo. Al-Jazari alimtumikia Nur al-Din, kisha mwanawe Qutb al-Din Sukman, na hatimaye mwana mwingine, Nasir al-Din Mahmud. Utumishi wake ulipita miaka 25.

Kazi yake haikuwa ya kukaa kitako na kuwaza. Alipima, alikata, alichomea na kusubu. Alitengeneza mlango mkubwa wa shaba kwa ajili ya kasri la Amid. Alieleza namna ya kusubu shaba katika kalibu za mchanga. Aligundisha vipande vya mbao kwa tabaka ili gurudumu lisipinde, na alitengeneza vielelezo vya karatasi kabla ya kugusa chuma. Matundu ya kupitishia maji aliyasugua kidogo kidogo huku akijaribu, hadi maji yakapita kwa kasi aliyoitaka.

Alikuwa pia msomaji. Alizisoma kazi za waliomtangulia, wakiwemo ndugu watatu wa Banu Musa wa Baghdad waliostawi katika karne ya 9, na akawataja kwa heshima. Hata hivyo, hakuridhika na jambo lililoandikwa pasipo kujaribiwa. Aliona kwamba elimu ya ufundi isiyopitia mikononi hubaki baina ya kweli na uongo, naye alitaka kuandika yale tu ambayo mikono yake ilikuwa imeyathibitisha.

Mikono iliyotii maji

Inasimuliwa katika kitabu chake kwamba mfalme hakupenda mtumishi amwagie maji wakati wa kutawadha. Al-Jazari akamtengenezea sanamu ya kijana aliyeshika birika. Maji yalitoka katika birika, mfalme akatawadha, na yalipokaribia kwisha mkono wa pili wa sanamu uliteremka na kumpa taulo. Katika chombo kingine, maji yalimiminika kutoka katika mdomo wa tausi. Maji yaliyokwisha kutumika yaliingia chini ya beseni na kuinua chelezo. Chelezo kilipopanda kiasi fulani kilisukuma fito, mlango mdogo ukafunguka, na sanamu ikatokea na unga wa kuoshea mikono. Maji yalipozidi kupanda, chelezo cha pili kilifungua mlango mwingine, na sanamu ya pili ikatokea na taulo.

Msomaji atambue kinachofanyika hapa. Hapakuwa na umeme wala mota. Kilichokuwapo ni maji yanayopanda, na kina cha maji ndicho kilichoamua lini sabuni itoke na lini taulo litoke. Mpangilio ule ambao kijana wa Isiolo anaubeba kichwani, al-Jazari aliuweka katika kimo cha vyelezo viwili.

Chombo chake kinachotajwa mara nyingi zaidi na wanahistoria wa roboti ni mashua ya wanamuziki. Ilielea katika kidimbwi wakati wa karamu, ikiwa na sanamu nne za wapiga ala. Ndani yake maji yalidondoka juu ya gurudumu, gurudumu likazungusha mhimili, na mhimili huo ulikuwa umechomekwa vijiti. Kila kijiti kilipopita kilibonyeza wenzo, na wenzo ukauinua mkono wa mpigaji. Mwaka 2007, Noel Sharkey, mtaalamu wa roboti wa Uingereza, alitoa hoja kwamba vijiti vikihamishwa mahali pengine, mdundo hubadilika, na kwa hiyo mhimili huo ni programu ya awali. Kitabu chenyewe hakidai kwamba vijiti vilihamishwa. Hoja hiyo ni ya watafiti wa sasa. Lakini kanuni iko wazi. Amri za mkono ziko mahali pamoja, na mkono uko mahali pengine. Ndivyo ilivyo pia kwa mkono wa roboti unaoendeshwa na kompyuta: amri zimo katika programu, na bega na kiwiko hutii tu.

Saa yake ya tembo nayo yastahili kutajwa. Ndani ya tembo mlikuwa na tangi la maji, na juu ya maji bakuli lenye tundu dogo. Bakuli lilijaa polepole na kuzama kila baada ya nusu saa. Kuzama kwake kuliivuta kamba, tufe likaachiliwa na kuangukia kinywani mwa joka, joka likainama kwa uzito na kuliinua bakuli upya, na mwendesha tembo akapiga pigo lake. Mzunguko ukaanza tena wenyewe. Tembo alikuwa wa Kihindi, majoka ya Kichina, na elimu ya maji ilikuwa na mizizi ya Kiyunani. Al-Jazari hakuona aibu kukusanya mema ya mataifa katika chombo kimoja.

Si kazi zake zote zilizokuwa za kuwaburudisha wakubwa. Alieleza mashine tano za kuinua maji. Mojawapo ilikuwa na pampu ya mitungi miwili ya shaba: gurudumu lililosukumwa na mto liliyumbisha mkono mmoja, na mkono huo ulivuta maji katika mtungi mmoja huku ukiyasukuma juu kutoka katika mwingine. Watu wa kaskazini mwa Kenya wataielewa mara moja thamani ya kazi hiyo. Katika visima virefu vya Waborana, wanaume hujipanga ngazi kwa ngazi na kupokezana ndoo kutoka chini hadi juu, wakiimba ili mikono yote iende pamoja. Wimbo ndio unaoipangia mikono zamu yake. Al-Jazari alitafuta namna ya kuupata mpango huo wa zamu pale ambapo waimbaji hawapo.

Kitabu na lugha yake

Siku moja mfalme Nasir al-Din alimweleza kwamba vyombo alivyovitengeneza havikuwa na mfano, na kwamba jasho lake lisipotee. Akamwamuru aviandike. Al-Jazari alikamilisha kitabu hicho mwanzoni mwa mwaka 1206, sawa na mwaka 602 Hijria. Kina vyombo 50 katika mafungu sita: saa, vyombo vya karamu, vyombo vya kunawia na vya kupimia damu ya chuku, chemchemi na filimbi zinazojiendesha, mashine za kuinua maji, na vyombo mchanganyiko. Nakala ya mwaka huo huo wa 1206 imehifadhiwa Istanbul, katika kasri la Topkapı.

Jina la kitabu hicho kwa Kiarabu ni Kitab fi marifat al-hiyal al-handasiyya. Mswahili hahitaji mkalimani mkubwa kulielewa: kitabu, maarifa, hila, uhandisi. Neno linalotushtua ni hila. Katika Kiswahili, hila imebaki na maana ya ujanja wa kudanganya, ilhali kwa mafundi wa zama zile ilikuwa pia ni werevu wa kulifanya jambo gumu liwezekane, na chombo kilichotokana na werevu huo. Ni vyema tulinganishe na neno roboti, ambalo limeingia katika Kiswahili kutoka mbali: lilianza katika tamthilia ya mwandishi Mcheki, Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920, na asili yake ni neno la Kicheki la kazi ya shokoa. Kwa hiyo chombo kimoja kimepata majina mawili katika historia, moja la werevu wa aliyekitengeneza na jingine la utumwa wa kinachotumika.

Jambo la kuzingatia zaidi ni namna alivyoandika. Kiarabu chake si cha ushairi bali ni cha karakana. Pale ambapo mafundi walitumia neno la Kiajemi, naye alilitumia. Kila chombo kina mchoro, kila sehemu ya mchoro ina herufi, na maelezo yanaitaja herufi hiyo hatua kwa hatua: kwanza umbo la nje, kisha vilivyomo ndani, kisha vipimo, kisha jinsi kinavyofanya kazi. Alikusudia fundi atakayekuja baadaye, ambaye hatamwona wala kumuuliza, aweze kukitengeneza chombo hicho. Kusudio hilo lilitimia. Mwaka 1974 Donald Hill, mhandisi Mwingereza, alikitafsiri kitabu chote kwa Kiingereza, na tangu hapo vyombo kadhaa vimeundwa upya kwa kufuata maelezo ya mtu aliyekwisha kufa kwa karne nyingi.

Funzo kwa mwanafunzi wa Kiswahili

Tumezoea kudai kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Madai hayo yana msingi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Istilahi zipo, na mamlaka yapo. Kinachopungua ni maandishi ambamo istilahi hizo zinafanya kazi. Neno wenzo limo katika kamusi, lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kusoma ukurasa mzima wa Kiswahili ambamo wenzo unainua kitu?

Al-Jazari anatufundisha kwamba istilahi haikomai kwa kuorodheshwa. Hukomaa inapomwongoza mtu anayeshika kipande mkononi, na ikimpotosha, hubadilishwa. Aidha, anatufundisha tusiogope ukopaji. Kama Kiarabu, pamoja na utajiri wake, kilichukua maneno ya Kiajemi karakanani bila kupoteza heshima yake, Kiswahili hakitapungukiwa na kitu kikisema mota, waya na programu pembeni mwa bega, kiwiko na kifundo.

Isiolo ni mahali pazuri pa jaribio hilo. Katika mji huo hukutana wasemaji wa Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kiturkana na Kisamburu, na sokoni huelewana kwa Kiswahili. Maelezo ya mkono wa roboti yaliyoandikwa kwa Kiswahili safi yangemfikia kijana wa kila mmoja wa watu hao kwa wakati mmoja.

Hitimisho

Makala haya yamemtazama al-Jazari kama fundi na kama mwandishi, na yameonyesha kwamba sifa ya pili ndiyo iliyoiokoa ya kwanza. Pendekezo letu kwa wanachama ni dogo. Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili akae na mwanafunzi mmoja wa uhandisi mbele ya mkono mmoja wa roboti. Waandike kurasa chache, zenye michoro na herufi, kuanzia kufungua kisanduku hadi mkono utakapoinua kikombe kwa amri ya kompyuta. Kisha wampe kurasa hizo mtu ambaye hajawahi kuuona mkono huo, nao wanyamaze. Pale atakapokwama, sentensi ina kosa, na iandikwe upya.