Habari za Rumanyika, Mukama wa Karagwe

Katika kitabu hiki cha jubilei yameandikwa mengi juu ya wamisionari, waalimu na Wakristo wa kwanza wa nchi yetu. Hapa twataka kunena habari za mtu ambaye hakubatizwa kamwe, maana alikufa kabla Injili haijaletwa Karagwe. Wapo watakaouliza, Ametafuta nini mpagani katika kitabu cha kanisa? Wasome kwanza hata mwisho, kisha waamue wenyewe.

Rumanyika, aliyeitwa pia Orugundu, alikuwa wa ukoo wa Wahinda, wazao wa Ruhinda, ambao walitawala Karagwe kwa vizazi vingi. Nchi yao ndiyo hizi wilaya mbili za leo, Karagwe na Kyerwa, zilizogawanywa mwaka 2012, na mto Kagera waizunguka upande wa magharibi na wa kaskazini. Baba yake, Ndagara, alisifiwa sana kwa ajili ya kazi ya chuma. Katika nchi zetu nyundo na fuawe vilikuwa alama za ufalme pamoja na ngoma, na mfalme alihesabiwa kuwa kama mhunzi, mwenye kuunda nchi yake kwa moto na nguvu. Makao yao yalikuwa Bweranyange, juu ya kilima, na chini yake ziwa dogo.

Ndagara alipokufa, yapata mwaka 1855, wanawe wakagombana. Watu wa Bweranyange walisimulia ya kuwa ngoma ndogo ya ufalme iliwekwa chini mbele ya wana wa mfalme, nayo ikawa nzito ajabu kwa nguvu za dawa. Ndugu zake wakajaribu kuiinua wasiweze, naye Rumanyika akaiinua kwa kidole chake cha mwisho. Hiyo ndiyo hadithi yao. Lakini ngoma haikumaliza ugomvi. Ndugu yake mmoja, ambaye Wazungu waliliandika jina lake Rogero, alishika silaha, vita vikawa virefu, na Rumanyika hakushinda ila kwa msaada wa wageni, hasa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na nyumba Kazeh, karibu na Tabora. Tusifiche neno hili. Ufalme ule uliosifiwa kwa amani ulianza kwa damu ya ndugu.

Yamkini ndiyo sababu mfalme huyu alijua kuliko wengine thamani ya watu kuketi pamoja.

Mwezi wa Novemba mwaka 1861 walifika Waingereza wawili, Speke na Grant, waliokuwa wakitafuta chimbuko la mto Nile. Njiani walikuwa wameteseka sana. Huko Usui, kwa Suwarora, walitozwa hongo juu ya hongo hata mali yao ikapungua vibaya. Walipovuka mpaka wa Karagwe mambo yakageuka: maakida wa Rumanyika wakawapokea kwa chakula, wala hongo hawakudaiwa, kwa kuwa mfalme ameagiza hivyo. Nao walipoingia barazani wakastaajabu, maana mfalme aliwasalimu kwa Kiswahili, na Kiswahili kizuri. Ndugu waalimu, tulitie moyoni jambo hili. Miaka mingi kabla ya shule ya kwanza kujengwa katika nchi yetu, mfalme Mnyambo alikuwa amejifunza lugha ya watu wa pwani, apate kusema na wageni wake uso kwa uso.

Grant na Speke wote wawili walimwandika kuwa mtu mrefu, mwenye uso mpole na sauti ya upole. Chakula chake kilikuwa maziwa hasa. Pombe ya ndizi aliigusa kidogo tu, wala hakuna aliyemwona amelewa. Aliwauliza habari za jua na nyota, za desturi za Ulaya, na jinsi vitu vinavyotengenezwa. Naye akawaeleza habari za milima na maziwa ya nchi za mbali ambazo hajaziona, kwa vile alivyosikia kwa wasafiri. Siku ya Noeli, aliposikia ya kuwa wageni wake huadhimisha siku hiyo kwa karamu ya nyama, akawapelekea ng'ombe. Hata hivi, katika nchi yetu karamu ya Noeli ilikuwako zamani kuliko kengele ya kanisa, na aliyeitoa alikuwa mtu asiyemjua yule aliyezaliwa siku ile.

Mwezi wa Januari 1862 Speke aliondoka kwenda Buganda. Grant hakuweza kwenda, maana mguu wake ulikuwa na donda baya, akabaki Bweranyange mpaka mwezi wa Aprili. Miezi ile mitatu mfalme alimtunza, naye Grant, kwa kuwa hana la kufanya ila kulala, kutazama na kusikiliza, akaandika mengi ya maisha ya watu: mavuno yao, michezo yao, na enanga, kile chombo cha ubao chenye nyuzi saba au nane ambacho wazee wetu walikipiga huku wakisimulia habari za mashujaa. Alipoondoka alichukuliwa kwa machela.

Baraza kubwa la Rumanyika lilikuwa siku ya mwezi mwandamo. Hapo wakuu wa nchi walikuja kutoka kila upande. Ngoma zilipangwa chini mbele ya mfalme, zaidi ya thelathini, kubwa na ndogo, kila moja na mpigaji wake, na zilipolia pamoja kilima kizima kilitetemeka. Mfalme alivaa taji ya shanga yenye manyoya mekundu, na wakuu wakamjia mmoja mmoja kwa mikogo ya vita na kumwapia uaminifu. Mfalme naye alipata kuwahesabu: aliyekosa kuja alijulikana. Basi lilikuwa sikukuu, na pia lilikuwa ukaguzi. Lakini mpiga ngoma wa kijiji cha mbali alipata pale mahali pake, akajulikana kwa kazi ya mikono yake, akarudi kwao ameyasikia mapigo ya wengine.

Mwaka 1876 alikuja Stanley. Wakati ule palikuwa na mji wa wafanyabiashara Waarabu huko Kafuro, si mbali na Bweranyange, nao walikaa kwa ruhusa ya mfalme wakinunua pembe za ndovu. Stanley alionyeshwa nyumba ya hazina: bata wa shaba, ng'ombe wa shaba, mikuki ya namna namna iliyofuliwa kwa ustadi usiokuwa wa vita bali wa kupendeza macho. Mikuki ya jinsi hiyo haifai kumchoma mtu. Mhunzi aliifanya apate kuonyesha yale ayawezayo, naye alijua ya kuwa kazi yake itawekwa mahali pa heshima. Kisha pakafanyika mashindano katika lile ziwa, mitumbwi ya Karagwe na boti ya Stanley iliyoitwa Lady Alice, na watu wakajaa vilimani kutazama na kushangilia.

Kutoka huko Stanley alipewa waongozi wa kumpeleka Mtagata, kwenye chemchemi za maji ya moto, ambazo leo zimo katika wilaya ya Kyerwa. Alikuta wagonjwa waliotoka nchi nyingi, wamejijengea vibanda, wanaoga na kukaa pamoja, kila mmoja na ugonjwa wake. Hapakuwa na baraza wala taji mahali pale.

Haifai kudhani ya kuwa wote walikuwa sawa chini ya Rumanyika. Wenye ng'ombe walikuwa juu, na wenye jembe, waliolisha wakuu kwa ndizi na mtama, walikuwa chini. Speke alipoona hayo akatunga mafundisho ya kwamba watawala ni watu wa asili nyingine, waliotoka Uhabeshi, walio bora kwa damu yao. Wataalamu wa leo wameyakataa mafundisho hayo, lakini Wazungu wengi waliyashika baada yake, na madhara yake katika nchi jirani ng'ambo ya Kagera twayajua. Wakimbizi waliovuka mto mwaka 1994 tuliwapokea sisi wenyewe, katika mashamba yetu na makanisa yetu. Inasikitisha ya kuwa mafundisho yale yalitungwa na mgeni aliyekula ng'ombe wa ukarimu pale Bweranyange.

Rumanyika alikufa miaka michache baada ya ziara ya Stanley. Yaliyofuata hayana furaha. Wana na ndugu wakagombea kiti, wakuu wakauana, ndipo ikaja sotoka katika miaka ya 1890 ikafagia ng'ombe, na Wadachi wakaishika nchi. Waarabu wa Kafuro wakatoweka. Vitu vya hazina vikatawanyika, na vingine sasa vimo katika nyumba za makumbusho. Mnyambo mwenye kutaka kuona kazi ya wahunzi wa babu zake hana budi kusafiri mbali.

Jina lake lingaliko. Mwaka 2019 serikali ilifanya pori la akiba lililokuwa na jina lake kuwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe. Na enanga bado yapigwa na wazee wachache katika nchi hii. Mwalimu atakayemwalika mmoja wao shuleni siku ya jubilei, na ampe kiti cha mbele, awaache watoto waisogelee na kuzishika zile nyuzi.