Maisha ya Askofu Mkuu Janani Luwum, Mwalimu Aliyechagua Kutokunywa



Kamati ya jubilii ilipokaa kupanga kijitabu hiki, tulikubaliana kwamba picha na ratiba ya nyimbo havitoshi. Kwaya yetu inatimiza miaka 25, na tulitaka humu ndani mwemo pia maisha ya mtu mmoja wa imani ambaye sote, wazee kwa vijana, tunaweza kujifunza kwake. Majina mengi yalitajwa. Tukamchagua Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda kwa sababu mbili. Kwanza, ni jirani yetu. Chuo alichosomea uchungaji, Buwalasi, kiko upande wa Mbale, na ukishavuka hapa Malaba na kupita Tororo hauko mbali nacho. Pili, mwaka huu kwaya ilikuwa na mjadala mzito kuhusu pombe, na maisha yake ndiyo yaliyotusaidia kuumaliza.

Mjadala huo si siri. Sisi watu wa mpakani tunajua jinsi kinywaji kilivyo karibu. Busaa iko, chang'aa iko, waragi inavuka kutoka ng'ambo, na kwa ndugu zetu Wateso chungu cha ajon kimewekwa katikati ya wazee na mirija mirefu tangu enzi za mababu. Dereva wa lori anayesubiri foleni ana pesa na hana la kufanya. Kijana wa boda boda akimaliza siku anawafuata wenzake. Katika miaka hii 25 tumepoteza waimbaji wazuri kwa njia hiyo, na mmoja wa besi tuliyempenda sana tulimwimbia kaburini kabla hajafikisha miaka 40.

Kwa uchungu huo, baadhi yetu walileta pendekezo kwamba katiba ya kwaya iandike wazi: anayeonja pombe aondolewe. Wengine walikataa. Walikumbusha kwamba Bwana Yesu alikwenda arusini Kana na maji yakawa divai, na kwamba Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Wakauliza kama sasa tutasimama mlangoni kunusa midomo ya watu. Wa kwanza walijibu kwa Warumi 14, kwamba ni vyema kuacha hata kilicho halali kama kinamkwaza ndugu yako. Mazoezi matatu yaliisha bila wimbo. Ndipo tukaamua kuyatazama maisha ya mtu aliyelipitia jambo hili kabla yetu.

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, karibu na Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa Mwacholi, mtoto wa wazazi Wakristo wasio na mali. Utotoni alichunga mifugo ya nyumbani, na alianza shule akiwa amechelewa, mvulana mkubwa wa miaka kama kumi. Alisoma kwa bidii, akafika Gulu High School, kisha akaenda Boroboro, karibu na Lira, kujifunza ualimu. Alipohitimu alifundisha shule ya msingi. Walimu wenzetu waliomo kwayani watafurahi kujua kwamba askofu huyu alishika chaki kabla ya kushika fimbo ya uaskofu.

Tarehe 6 Januari 1948 aliokoka. Wakati huo uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ulikuwa umeenea Uganda na kuvuka hadi kwetu Kenya. Wazee wa kanisa letu bado wanauita wakati wa walokole. Watu walitubu hadharani, walirudisha vitu walivyoiba, walipatana na majirani, na wimbo wa Tukutendereza ukawa alama yao ya kutambuana hata kwa wasiojua Kiganda. Wengi wao pia waliacha pombe kabisa.

Tusilichukulie jambo hilo kuwa jepesi. Katika vijiji vya Acholi, kama ilivyokuwa kwetu huku, pombe ya nafaka haikuwa starehe tu. Ilinywewa baada ya kulima shamba la jirani, ilinywewa arusini, ilinywewa matangani. Kuikataa kulionekana kama kuwakataa watu wako. Kijana aliyesema hanywi aliweza kuulizwa kama amekuwa mzungu au anajiona bora kuliko baba zake. Luwum alichagua hivyo akijua gharama. Hakuna chifu aliyemwamuru, wala hakuna katiba ya kwaya iliyomtisha. Ulikuwa uamuzi wake mwenyewe mbele za Mungu.

Alipokuwa mchanga katika wokovu alikuwa mkali. Alihubiri kwa nguvu juu ya hatari za pombe na tumbaku, hata wenye mamlaka wa mahali wakamwona kuwa mvuruga amani. Tulipofika hapa katika kuyasoma maisha yake, waliokuwa wameleta pendekezo walitabasamu. Walidhani wamempata mtu wao.

Lakini maisha yake hayakuishia hapo. Mwaka 1949 alikwenda Buwalasi kusomea kazi ya kanisa. Katika miaka hiyo baadhi ya walokole wa kaskazini walizidi ukali, wakahubiri kwa vipaza sauti na kulishutumu kanisa lenyewe kuwa limepoa. Luwum hakuwafuata. Alibaki ndani ya kanisa pamoja na watu wake dhaifu. Baada ya mafunzo zaidi Canterbury, Uingereza, alirudi akakabidhiwa eneo lenye makanisa madogo 24, na mtu mwenye makanisa 24 hawezi kukaa na walio safi peke yao. Ni lazima aingie katika nyumba zenye chungu cha pombe, awazike wafu wao, awabatize watoto wao, na aitwe usiku pale ambapo mume mlevi amempiga mkewe.

Baadaye alisoma tena Uingereza, jijini London, akarudi kuongoza Buwalasi, kisha akawa katibu wa kanisa lote la jimbo lao. Mwaka 1969 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Uganda Kaskazini, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Alikuwa Mwafrika wa pili kukalia kiti hicho, baada ya Erica Sabiti.

Nchi wakati huo ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, aliyepindua serikali mwezi Januari 1971. Watu walichukuliwa usiku na hawakurudi. Askofu Mkuu alikwenda mwenyewe kwenye ofisi za usalama kuwaulizia waliopotea. Mwaka 1976 alikaa meza moja na Kardinali Emmanuel Nsubuga wa Kanisa Katoliki na viongozi wa Kiislamu kuzungumza juu ya damu iliyokuwa inamwagika. Hapo tulijifunza jambo. Mlokole asiyekunywa aliketi na watu wasiolingana naye katika mafundisho, na msimamo wake haukumtenga na yeyote mwenye kutaka amani.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari wenye bunduki waliingia nyumbani kwake Namirembe wakidai wanatafuta silaha. Hawakupata kitu. Huku Tororo nyumba ya Askofu Yona Okoth wa Bukedi nayo ilikuwa imepekuliwa. Maaskofu walikutana, wakamwandikia Amin barua ya kupinga mauaji na upekuzi huo. Tarehe 16 Februari viongozi wa dini na wa serikali waliitwa Kampala, zikaonyeshwa silaha, na Askofu Mkuu akashtakiwa kuwa na njama ya kuipindua serikali. Wenzake waliruhusiwa kuondoka. Yeye alibakizwa, akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, huyu wa mwisho akiwa mtu wa Tororo, jirani yetu kabisa. Serikali ilitangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Mwili wake ulikuwa na matundu ya risasi.

Kule Namirembe waumini walikuwa wamechimba kaburi karibu na la Askofu James Hannington, yule aliyepita hapa kwetu Mumias mwaka 1885 akielekea Busoga alikouawa. Kaburi la Luwum lilibaki wazi, kwa maana serikali iliupeleka mwili wake Mucwini, ukazikwa huko. Watu waliabudu mbele ya kaburi tupu. Askofu Okoth alivuka mpaka kuingia Kenya kuokoa maisha yake, na miaka michache baadaye akawa Askofu Mkuu mwenyewe. Luwum alikuwa ameuawa akiliandaa kanisa lake kwa jubilii ya miaka 100 ya Injili Uganda, iliyoangukia mwaka huohuo wa 1977. Leo sanamu yake iko Westminster Abbey, London, na tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini Uganda.

Sasa, yote haya yanahusianaje na busaa? Mwenzetu mmoja aliuliza hivyo kwenye mazoezi, na lilikuwa swali zuri. Hatusemi kwamba Luwum alikuwa jasiri kwa sababu hakunywa. Wapo jasiri wanaokunywa, na wapo waoga ambao hawajawahi kuonja. Tunachosema ni hiki: mtu aliyezoea kusema hapana mbele ya rafiki zake, kwa upole na bila kuwadharau, anajifunza kwamba anaweza kusema hapana na akabaki mzima. Luwum alijifunza hilo kijana, mbele ya chungu cha kijiji. Miaka 29 baadaye alilihitaji mbele ya mtu mwenye jeshi.

Tuliona pia kwamba alipokuwa kijana aliutumia msimamo wake kama kiboko. Alipokomaa hakuuacha, ila aliubeba mwenyewe bila kuwabebesha wengine kwa nguvu. Hapo ndipo pande zote mbili za mjadala wetu zilipokutana.

Kwa hiyo kwaya imekubaliana hivi. Katiba inasema jambo moja tu: hakuna anayepanda madhabahuni kuimba akiwa amelewa, awe mwanachama mpya au mwanzilishi. Kuacha pombe kabisa kunabaki kuwa nadhiri ya mtu mwenyewe. Hatutaandika majina kwenye daftari, wala hatutamfukuza anayeanguka. Anayeamua atamwambia mwenzake mmoja wa sauti yake, besi kwa besi, alto kwa alto, na huyo atamwombea na kutembea naye. Tunaposema kutembea tunamaanisha miguu. Mazoezi ya Jumamosi yanaisha jioni, na njia ya kwenda stendi inapita mbele ya vilabu vitatu. Watakuwa wakiipita njia hiyo pamoja.

Mpaka tunapochapisha kijitabu hiki, wenzetu kadhaa wamekwisha kuanza, na mmoja wao ndiye aliyepinga pendekezo kwa sauti kubwa kuliko wote. Anasema sasa ana la kukataa kwa hiari yake.

Yeyote katika usharika anayetaka kutembea nasi, iwe ni mwimbaji au la, anakaribishwa. Mlango wa chumba cha mazoezi unafunguliwa saa nane mchana. Mungu awabariki, na karibuni katika jubilii yetu.

Kwa niaba ya kwaya,
Katibu