Kimathi hana kaburi, ana sanamu

Ukiuacha mji wa Murang'a na kuelekea kaskazini, safu ya milima ya Nyandarua ikiwa kushoto kwako, utafika Nyeri, na si mbali na hapo pana Tetu. Huko ndiko alikozaliwa Dedan Kimathi wa Waciuri, tarehe 31 Oktoba 1920.

Alisoma Karuna-ini na Tumutumu, akajiunga na jeshi kwa muda mfupi, kisha akawa mwalimu. Mwaka wa 1952 alikuwa katibu wa chama cha KAU katika tawi la Ol Kalou na Thomson's Falls, mji uitwao Nyahururu siku hizi. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka huo, aliingia msituni akawa miongoni mwa viongozi wakuu wa Mau Mau.

Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956 alipigwa risasi mguuni na kukamatwa. Kesi yake ilisikizwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, akahukumiwa kifo kwa kosa la kupatikana na bastola. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa humo humo, mahali ambapo jamaa zake hawakuonyeshwa.

Katika mji huo huo wa Nyeri, Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha uskauti na kufariki mwaka wa 1941, ana kaburi linalotunzwa vyema na kuzuriwa na wageni wa mataifa mengi. Mzawa wa Tetu hana hata jiwe.

Ndiyo maana sanamu yake iliyoko Nairobi si pambo la barabara tu. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka wa 2003, na tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe, Rais Mwai Kibaki aliizindua katika barabara iliyoitwa Hardinge zama za ukoloni, na ambayo sasa ina jina la Kimathi. Mchongaji Kevin Oduor alikabiliwa na kazi ngumu, kwa kuwa picha za marehemu ni chache, na ijulikanayo zaidi inamwonyesha akiwa amelala, mikono imetiwa pingu. Oduor alimsimamisha wima, bunduki mkono wa kulia na jambia mkono wa kushoto.

Shaba nayo haidumu bila matunzo. Mvua na moshi wa magari huiotesha kutu ya kijani, hivyo yafaa ioshwe na kupakwa nta kila mara. Kalibu ikihifadhiwa, hata sanamu iliyovunjika yaweza kumiminwa upya. Gharama hiyo, kwa maoni yangu, ni ndogo.

Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba kwa miaka mingi mabaki ya mumewe yatafutwe. Alifariki Mei 2023, akazikwa Njabini, Nyandarua. Mumewe angali Kamiti.